Mlio wa Deraya

Inspekta aliogopa vitu viwili tu duniani: mama mkwe wake na umeme. Mama mkwe alishakwenda zake. Umeme ulikuwa hapa, chini ya hospitali, umelala kwenye trei ya chuma na kuvuma kwa sauti ndogo, kama mgeni anayesafisha koo akisubiri kukaribishwa.

"Usiguse kitu, afande," alisema foromani wa mafundi wa kebo, mzee ambaye kazini wote walimwita Mjomba.

"Hilo hukuwa na haja ya kunikumbusha." Mikono ya Inspekta ilikuwa mifukoni tangu mlangoni, na jasho limeshapita kwenye kitambaa.

Handaki lilikuwa refu na jembamba, lenye mlango kila upande: huku mlango wa chumba cha swichi, kule mlango wa kutokea wodini. Katikati lilikatwa na ukuta wa kuzuia moto, wenye mlango mdogo wa chuma. Kebo tano, nyeusi tii, nene kama mkono wa mbeba mizigo, zililala bega kwa bega juu ya trei, zikapenya ukuta ule na kuendelea. Nne zilibeba umeme wa hospitali nzima. Moja ilikuwa kuukuu, imezimwa ili ikatwe na kutolewa. Ukitaka kujua ipi ni ipi kwa macho, bora ujaribu kutofautisha kunguru.

Hapa, upande huu wa ukuta, fundi aliyeitwa Mkasi alipiga magoti wiki iliyopita na kuanza kukata kebo iliyokufa. Haikuwa imekufa. Dari bado lilikuwa jeusi.

"Kibao hiki hapa," Mjomba alisema, akionyesha kibao chekundu kilichofungwa kwenye kebo ya pili kutoka kushoto. "Kimeandikwa KATA. Niliwafungia vibao mimi mwenyewe, kimoja hapa, kingine ng'ambo ya ukuta. Kijana akakata nyingine, ile ya nne. Sijui macho yalikuwa wapi." Alishusha mkono. "Nilimlea kazini, afande. Ni mtoto wa dada yangu."

Inspekta alilijua hilo. Jana yule dada mtu alikuwa amekaa ofisini kwake, mgongo umenyooka, machozi yamekauka. "Nilikuwa na wawili," alisema. "Nimebakiwa na mmoja, na kesho wanampeleka kule kule akamalizie kazi ya kaka yake. Kaka yangu ananiambia ni salama. Wewe unaniambiaje?" Inspekta alimpa chai.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mama wa zamu kwenye swichi. Watu wote walisema lazima alibonyeza kitu akiwa amesinzia. Ila kila fundi hapa huweka kufuli lake binafsi kwenye swichi anayoifanyia kazi, na ufunguo huingia nao handakini. Kufuli la Mkasi lilikutwa limefungwa kwenye swichi sahihi, na ufunguo ulikutwa mfukoni mwake, umeungua upande mmoja. Mama wa zamu hata angetaka asingeweza. Mtu mwangalifu wa kiasi hicho, Inspekta alijiuliza, anakosaje kuona kibao chekundu?

"Hakuna kifaa cha kupima kabla ya kukata?"

"Zile koleo za kupimia hazisaidii, afande. Ndani mna nyaya kuu tatu, sisi tunaziita kore. Ukizungushia kipimo kebo nzima, mikondo yao inafutana, unasoma sufuri. Ipo bunduki ya msumari. Unaifunga kwenye kebo, unakaa mbali, unavuta kamba, msumari unatoboa. Kama ina umeme italia yenyewe."

"Kwa nini haikutumika?"

"Risasi zake zimeisha." Mjomba alitazama viatu vyake. "Tukazoea vibao."

Inspekta aliinama karibu na kibao, karibu kadiri miguu yake ilivyokubali. Masizi yalikuwa yamefunika kebo zote kama unga mweusi. Alimwomba Mjomba akisogeze kibao kidogo. Chini yake palikuwa na masizi, meusi sawa na pengine pote. Kisha akamulika tochi kwenye kebo ya nne, ile iliyolipuka na kuungwa upya. Hatua moja kutoka kwenye kiungo kipya, palikuwa na mkanda mwembamba uliozunguka kebo, msafi, unang'aa. Kitu fulani kilikuwa kimeukinga na moshi. Kitu chenye upana wa kamba ya kibao.

Alivuta pumzi, na hewa ya handaki ikawa na ladha ya sarafu ulimini.

"Sasa afande," Mjomba alisema, "mmefunga ule mlango wa ukutani kwa lakiri ya polisi tangu siku ile, na kule wodini mmeweka askari. Hospitali inatusukuma. Ngoja mimi nitangulie nikakague kule, halafu Sindano aje akate."

Sindano ndiye mdogo wake Mkasi. Na hii ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo Mjomba kuomba atangulie.

"Tutakwenda pamoja," Inspekta alisema. "Ningoje hapo juu, nina jambo karakana."

*

Karakana ilinuka mpira wa moto na kahawa. Sindano, kijana mwembamba wa kupita kwenye tundu la ufunguo, alikuwa kwenye benchi akinoa meno ya msumeno. Hakuinuka.

"Afande umekuja kunifunga au kunifariji? Maana wa kunifariji wamejaa nyumbani, wamemaliza sukari."

"Nimekuja kusoma. Nifundishe kebo."

Sindano alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akavuta kipande cha kebo kutoka chini ya benchi, kinene, kilichokatwa wima, na kukigeuza uso uonekane.

"Nje hapa ni ala, hili gome jeusi. Chini yake deraya, hizi nyaya za chuma zilizosokotwa kuikinga kebo isipondwe. Halafu ala ya ndani. Chini yake kila kore ina skrini yake, utepe wa shaba. Chini ya skrini ni kihami, hii nyama nyeupe inayouzuia umeme usitoke. Na katikati, kondakta mwenyewe. Mfalme. Huyo ndiye aliyemuua kaka." Alisema hivyo kama anayetaja aina ya skrubu. "Fundi hana haja ya kutazama anapokata. Anasikia. Ala inanong'ona. Deraya inapiga kelele. Skrini inalia kidogo, tii, kama kijiko kwenye bilauri. Ukisikia hiyo tii, kilichobaki ni kihami."

"Na baada ya tii, kama kebo ni hai?"

"Baada ya hapo husikii tena."

Kwenye uso wa kebo kore tatu zilikaa kama vipande vya embe: nyekundu, njano, bluu. Inspekta alizifuata kwa kidole bila kugusa. Zilizunguka kuelekea kulia. Sindano akageuza kipande, akamwonyesha uso wa upande wa pili. Nyekundu, njano, bluu, zilizunguka kuelekea kushoto.

"Hii inawachanganya wageni wote," alisema. "Wanakwenda ncha ya pili, wanakuta rangi zimegeuka, wanapiga simu kiwandani kutukana watu. Kebo ni ile ile. Wewe ndiye umegeuka."

Inspekta aliokota penseli tano kwenye kopo, akazilaza sambamba juu ya benchi.

"Mjomba wako aliijuaje kebo ya kukata?"

"Aliisoma kule chumba cha swichi. Ya pili kutoka kushoto. Kila mtu anajua."

"Na siku ya kufunga vibao aliingia handakini kwa mlango upi?"

"Wa wodini. Kule kwa swichi sakafu ilikuwa mbichi, wamepaka rangi."

Inspekta aliweka kidole kwenye penseli ya pili kutoka kushoto. Bila kukiondoa, alizunguka benchi kwa shida, akimpita Sindano, hadi akasimama upande wa pili. Kidole chake sasa kilikuwa juu ya penseli ya nne.

Sindano aliitazama ile penseli. Msumeno ukateleza mapajani mwake.

"Hapana," alisema.

"Aliingia kwa nyuma, akahesabu ya pili kutoka kushoto kwake. Vibao vyote viwili vikaenda kwenye kebo hai. Kaka yako alikata palipoandikwa KATA. Baadaye mtu akakihamisha kibao cha upande huu na kukipeleka kwenye kebo sahihi. Masizi yanasema hivyo. Cha ng'ambo hakikufikiwa, kwa sababu tulipiga lakiri mlango wa ukuta, na ule wa wodini unalindwa na askari. Bado kipo kwenye kebo hai, na wewe ndiwe unayekwenda kuikata."

"Mtu yeyote angeweza kukihamisha."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikifungua mlango nikakuta kibao kimekosewa, atasema alikosea, pole, sote binadamu. Sitajua kama alijua. Nataka kujua kama alijua na akakuacha uende."

Sindano aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyodhaniwa. "Huyo ni ndugu wa mama yangu, afande. Kanishika mkono huu kunifundisha msumeno. Juzi makaburini mama aliegemea bega lake. Unajua unachosema?"

"Ninakijua. Na natamani niwe nimekosea." Inspekta alichukua kutoka sandukuni kipande cha kebo nyembamba, ile ya kutandaza ndani ya nyumba, gome na shaba tu, haina hata deraya. "Utapitia mlango wa wodini na askari wangu. Yeye atabaki juu ya ngazi. Mimi nitakuwa na mjomba wako upande wa pili wa ukuta. Ukinisikia nimegonga mlango mara moja, anza kukata hiki. Hiki, si kingine."

"Na nikiamua kukata ile yenyewe, ile yenye kibao, nikuonyeshe kwamba mjomba wangu si muuaji?"

"Nitakufunga pingu sasa hivi."

Sindano alichukua kipande kile, akakitupa kwenye begi bila kukitazama, akaondoka. Inspekta alibaki na penseli tano.

*

Taa za handaki zilikuwa za kubana matumizi, moja inawaka, moja inafikiria. Mjomba alisimama mbele ya mlango wa chuma, na lakiri ya polisi ilikuwa bado haijaguswa.

"Fungua basi afande, nitangulie."

"Sindano ameshaingia kwa upande wa wodini."

Uso wa Mjomba haukubadilika. Mkono wake ndio uliobadilika: vidole viliufuata ukuta, vikatafuta pa kushika.

"Nani kamruhusu?"

"Mimi. Kibao si kipo? Ulikifunga mwenyewe." Inspekta aligonga mlango mara moja kwa kitako cha tochi. "Namwambia tumefika."

Kebo zilivuma. Halafu, kutoka ng'ambo ya ukuta, ukaja mnong'ono: krrsh, krrsh, krrsh. Meno ya msumeno kwenye kitu laini.

"Hiyo ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Ala," Mjomba alisema. "Ala ya nje."

"Nilitaka kukuuliza habari ya masizi. Kibao chako kina masizi chini yake. Kilifungwa moto ulipokwishapita."

"Labda kilianguka. Mtu akakirudisha."

"Nani?"

"Watu waliingia wengi, afande. Zimamoto, madaktari." Maneno yalitoka mdomoni lakini masikio yake yalikuwa ukutani. "Fungua mlango nikamsimamie. Kijana hana akili iliyotulia. Amefiwa."

"Ni fundi mzuri. Umemfundisha wewe."

Krrsh, krrsh. Inspekta alikuwa akihesabu moyoni: kebo ya nyumbani, gome na shaba, itakwisha sasa hivi, na baada ya hapo itabidi atafute njia nyingine. Hapo mlio ukabadilika.

Msumeno ulipiga ukelele. Chuma juu ya chuma, mkali, wa kukwaruza meno, ukapita ukutani na kujaza handaki zima.

Kipande Inspekta alichompa kijana hakikuwa na chuma. Hakikuwa na deraya.

"Hiyo," alisema, "hiyo ni nini?"

"Deraya."

Aliukumbuka uso wa Sindano karakana, na lile swali lake la kukata ile yenyewe. Lakiri ilikuwa mbele yake. Alivuta waya wake, ukamkata kidole; ufunguo ulikataa kuingia, kisha ukaingia, kisha ukakataa kuzunguka. Mvumo wa kebo na ukelele wa msumeno vilimeza sauti yake alipoita jina la kijana. Nyuma yake, Mjomba hakusogea. Alisimama na kiganja kimoja ukutani, kama daktari anayepapasa mgonjwa, akisikiliza nyaya za chuma zikikatika moja baada ya nyingine. Inspekta aligeuka akamwona. Mzee alikuwa akilia, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Mzee," Inspekta alisema. "Kama kuna neno, liseme sasa."

Mdomo ulibaki umefumbwa.

Ukelele ukapungua. Ukawa mkwaruzo mzito: ala ya ndani. Halafu, kidogo sana, wazi kabisa, kama kijiko kwenye bilauri:

Tii.

"Acha!" Mjomba aliupiga ukuta kwa ngumi mbili. "Acha, mwanangu, acha! Ni hai! Kibao si chake! Acha!"

Msumeno ulinyamaza.

Ufunguo ulizunguka. Inspekta aliusukuma mlango kwa bega na karibu aanguke upande wa pili.

Sindano alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali na trei. Mapajani mwake kulikuwa na kipande kinene, kile cha karakana alichofundishia, na msumeno ulikuwa umezama hadi kwenye utepe wa shaba. Juu ya trei, kibao chekundu kilining'inia kwenye kebo hai, nzima, bila hata mkwaruzo.

Inspekta aliegemea ukuta, kisha akakumbuka ni ukuta wa nini, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. "Nilikupa kile chembamba," alisema alipopata pumzi.

"Kile angekijua kwa sekunde moja. Ana masikio kuliko sisi wote." Sindano hakumtazama Inspekta. Alimtazama mzee aliyesimama mlangoni, mikono imelegea. "Na nilitaka asikie kebo ya kweli. Nilitaka jaribio la haki."

Mjomba alifungua mdomo. "Nilikuwa na nia ya kufika kabla yako," alisema. "Nimeomba mara tatu nitangulie. Muulize. Nilitaka nikirekebishe tu, kabla hujafika. Nilikosea kuhesabu, mwanangu, ni hilo tu, nilikosea kuhesabu. Ningemwambiaje mama yako?"

"Ulisikia ala," Sindano alisema.

"Mwanangu."

"Ukasikia deraya. Deraya ni kazi ndefu, mjomba. Mkono umeniuma. Nilikuwa nakata polepole."

Mzee alishuka taratibu mpaka akakaa kwenye sakafu, upande wake wa kizingiti. Inspekta alizitoa pingu, akazishika bila kuzifunga. Hapakuwa na mtu wa kukimbia pale. Kidole chake kilichokatwa na lakiri kilidondosha tone moja juu ya kiatu.

"Umekosea kitu kimoja, afande," Sindano alisema baadaye kidogo. Alikuwa akiuchomoa msumeno kutoka kwenye utepe wa shaba, polepole, kwa ule ustadi aliofundishwa. "Ulidhani nangoja apige kelele."

"Ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa naomba anyamaze. Mpaka mwisho. Maana kama angeamini kibao kiko sawa, angenyamaza, kwa nini apige kelele?" Aliweka msumeno chini. "Alipoita 'mwanangu' ndipo nilipofiwa."

Kebo ziliendelea kuvuma juu ya trei, zikipeleka mwanga wodini. Sindano alitoa kufuli lake mfukoni, akalifunga kwenye mlango wa ukuta ili mtu yeyote asiingie, akampa Inspekta ufunguo.

"Twende," alisema. "Mama anangoja kuambiwa. Na safari hii utamwambia wewe."